Mama Amelala Huko

Mimi ni msusi. Mashairi siyajui na sijawahi kujifanya nayajua. Nasimulia haya kwa sababu yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na kwa sababu kipande cha mwisho kilinifuata mwenyewe hadi saluni kwangu.

Dada ni mwalimu wa fasihi. Wanafunzi walimbandika jina Bi Taswira, maana ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza hiyo mvua ni taswira ya nini. Hata mimi alinichosha. Siku moja nilimwambia shemeji yake kapoteza funguo za nyumba, akanijibu kwamba funguo ni ishara ya mamlaka. Nikamwambia sawa, lakini sisi tumelala nje.

Jumanne moja alipita saluni asubuhi nimbane nywele kabla ya kwenda kazini. Alilalamikia vumbi. Shuleni kwao walikuwa wanabomoa nyumba ya zamani ya mwalimu mkuu ili wajenge maktaba, na mafundi walikuwa wameanza jana yake na jiko la uani. Maktaba ingepewa jina la mshairi aliyewahi kuwa mwalimu mkuu pale na kuishi nyumba ile miaka mingi. Watu walimwita Mzee Mizani. Alikuwa bado hai, macho yamekufa, akitunzwa na binti yake wa pekee, ambaye ndiye katibu muhtasi wa shule. Mkewe, kila mtu alijua, alitoroka na dereva wa lori binti akiwa na miaka minne.

Shairi lake maarufu lilikuwa kwenye kitabu cha mtihani. Dada alilifundisha miaka kumi na mmoja. Ubeti wa mwisho hata mimi niliushika kwa kuusikia tu:

Mpenzi nilimlaza, chini ya jiwe la meko,
Mdomo nikamjaza, majivu moto ya jiko,
Vidole nikapunguza, pete ikawa ni yako,
Nyamaza mwana nyamaza, mama amelala huko.

Dada alikuwa na maelezo yake, ameyachapa na kuyagawa kwa madarasa yote. Mpenzi ni kila mwanamke. Jiwe la meko ni mzigo wa kazi za nyumbani. Majivu ni kunyamazishwa. Kidole ni ndoa inayomkata mtu kipande. Wanafunzi waliyakariri na kufaulu. Mzee Mizani mwenyewe hakuwahi kulieleza shairi lake hata mara moja. Akiulizwa alijibu kwamba shairi lijisemee, na watu walisifu unyenyekevu wake.

Kipindi cha tatu dada aliuliza majivu ni taswira ya nini. Kiranja wa darasa akasimama, kijana mrefu, msema sana. Akasema majivu ni taswira ya kunyamazishwa. Dada akamsifu. Kijana akataka kuketi, akakohoa.

Akakohoa tena. Kilichotoka kilianguka juu ya daftari lake kama unga wa kijivu, na karatasi ikaanza kufuka moshi.

Dada alidhani amemeza kitu. Alimkimbilia, akamtia vidole kinywani amtoe. Kinywa kilikuwa kimejaa hadi kooni, na kilikuwa na joto la jiko lililozimwa sasa hivi. Alichota majivu kwa mkono wake mtupu huku ngozi ya kiganja ikivimba malengelenge. Akichota, yanaongezeka. Midomo ya kijana ilipasuka kama nyanya kwenye moto. Walimbeba hospitali akiwa hai, lakini ulimi wake daktari hakuweza kuuokoa wote.

Mkuu wa shule aliamua kwamba kijana alikuwa akichezea kemikali za maabara. Dada naye akajilazimisha kuamini, maana asipoamini hivyo angeamini nini? Jioni nilimfunga kiganja kwa kitambaa. Jumatano akarudi kazini. Zamu ya darasa jingine ilikuwa imefika, na mtihani haumngoji mtu.

Hakuuliza kuhusu majivu. Aliruka mstari huo. Akauliza, vidole nikapunguza, mshairi ana maana gani hapo?

Binti mmoja mpole wa dawati la mbele, aliyekuwa anaegemeza mkono kwenye ukingo wa dawati, alisema kwamba kidole ni ishara ya ndoa.

Mfuniko wa dawati ulipanda wenyewe. Ukashuka.

Dada anasema sauti ilikuwa ndogo. Kama mtu anayevunja kuni nyembamba. Binti hakulia mara moja. Aliutazama mkono wake kwa mshangao, kisha damu ikaruka hadi ubaoni. Kidole cha pete, mkono wa kushoto, kilikatika kwenye fundo kama kwa kisu cha bucha. Walifungua dawati wakitafute, wakatoa vitabu vyote, wakapindua meza, wakafagia darasa zima.

Hakikuonekana.

Mkuu wa shule aliwaita walimu akawaomba wafunge midomo hadi Ijumaa ipite. Ijumaa ndiyo sherehe, Mzee Mizani angekuja kuketi jukwaani na kusikiliza shairi lake likichambuliwa, na mchambuzi alikuwa dada yangu. Dada alimwambia mkuu kwamba hawezi. Mkuu akamwambia wageni wameshaalikwa.

Alhamisi mchana alikwenda ofisini kwa katibu muhtasi. Ni mama wa zaidi ya miaka arobaini, hakuolewa, kichwa amenyoa karibu na ngozi. Kwenye kidole alivaa pete nyembamba ya fedha ambayo dada alikuwa ameiona kila siku kwa miaka kumi na mmoja bila kuiona. Dada alifunga mlango. Hakujua aanzie wapi, akaanza na pole kwa kelele za mafundi.

Katibu aliacha kuchapa. Alisema Jumatatu, mafundi walipong'oa lile jiwe la jikoni na kulitupa kwenye kifusi, yeye alikuwa dirishani, na alisikia mtu akivuta pumzi. Ndefu, kama anayetoka majini.

Dada akamuuliza hiyo pete aliipata wapi.

"Baba alinipa," katibu akanong'ona. "Asubuhi ile aliyosema mama ameondoka. Ilikuwa inanata, Mwalimu. Nikailamba."

Akaeleza kwamba kila usiku utotoni baba yake alimlaza kwa shairi lile, akimpapasa mgongo, hadi akasahau kuuliza. Alipokua akalikuta kitabuni, na watu wenye shahada wakimweleza maana yake. Akaona labda wao ndio wanaojua.

"Miaka yote umewauliza watoto ni taswira ya nini," akasema. "Hukuwahi kuwauliza ni nini."

Jioni dada alikuja kwangu akanisimulia yote.

Nilimsihi asiende Ijumaa. Nilimwambia ajifanye mgonjwa, mkono si huo hapo umefungwa? Alikataa. Alisema watoto wawili wameharibiwa wakirudia maneno aliyowafundisha yeye. Nikamwambia basi tunakwenda wote. Ndiyo maana mengine niliyaona kwa macho yangu.

Ukumbi ulijaa saa nne asubuhi. Jua linaingia madirisha yote, wanafunzi wamevaa sare za kupigwa pasi, wazazi mbele, mapambo ya karatasi ukutani. Mzee Mizani aliketi kiti kikubwa jukwaani, koti jeupe, fimbo mapajani. Mzee msafi, wa kupendeza. Ukimwona ungetamani awe babu yako. Katibu aliketi pembeni yake kama kawaida, kumshika mkono.

Mkuu alimwita dada. Alipanda na karatasi zake, akazikunja, akaziweka chini. Akamwamkia mzee kwa heshima. Mzee akaitikia.

"Mzee wangu," dada akasema kwenye kipaza sauti, "mkeo yuko wapi?"

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wa kuanzia. Mzee naye akatabasamu. Akasema mshairi haulizwi habari za nyumbani kwake. Dada akauliza tena, polepole, neno kwa neno. Safari hii hakucheka mtu. Mkuu alikuwa ameshasimama amtoe jukwaani.

Nilimwona mzee akiyapima. Alikuwa na njia mbili tu, akiri au alieleze shairi lake, jambo alilolikwepa miaka arobaini. Akalamba midomo.

"Mwalimu, umesoma sana lakini unanishangaza," akasema. "Yule mwanamke ni taswira ya..."

Hakuimaliza.

Taya lake lilifunguka. Likaendelea kufunguka. Tulisikia mfupa ukiachia upande mmoja, kisha wa pili. Majivu yakamwagika juu ya koti jeupe, mekundu kwa ndani, na koti likashika moto kifuani. Alitaka kuyafuta. Mkono wake wa kushoto ukasimama hewani, kama umekamatwa. Kidole cha kwanza kikapinda nyuma hadi kikagusa mgongo wa kiganja. Tak. Cha pili. Tak. Cha tatu hakikupinda. Kiling'olewa.

Watu walikanyagana mlangoni. Kioo kilivunjwa, watoto walirukia madirishani, mzazi mmoja alivunjika nyonga na akapitwa. Mkuu wa shule alikuwa wa kwanza kufika nje. Mimi nilibaki kwa sababu dada alibaki. Alikuwa amevua kanga yake ya mabegani anampigia mzee moto, anaupiga na kuupiga kwa mkono wake mbovu, na moto unapita kwenye kanga kama haipo.

Kitu kilimnyanyua mzee kutoka kitini kwa nywele. Tuliona nywele zenyewe zimekusanywa pamoja, zimevutwa juu, kama zimeshikwa kwenye ngumi. Kikampigiza uso kwenye sakafu ya jukwaa. Kikamnyanyua. Kikampigiza tena. Damu ilinirukia miguuni nikiwa mstari wa nne.

Katibu hakuwa amehama kwenye kiti chake. Alikuwa anatazama kwa uso wa mtoto mdogo aliyeamshwa usingizini.

"Mama," akasema. "Basi mama. Inatosha."

Mzee alianguka kama gunia. Alikuwa ameshakufa, nadhani alikuwa amekufa tangu pigo la pili.

Polisi walimhoji dada siku mbili. Mashahidi mia tatu walikuwepo na kila mmoja aliona kitu chake. Wapo walioapa kwamba mzee alipata kifafa akaangukia mshumaa, japo ukumbini hapakuwa na mshumaa. Lakini dada aliwaomba jambo moja tu, wachimbe pale jiwe lilipokuwa, na mkaguzi mmoja akakubali, labda ili amnyamazishe. Shimo halikufika hata kiunoni. Mwanamke alilala ubavu, magoti yamekunjwa. Taya limejazwa majivu yaliyogandamana kama saruji. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.

Maktaba haikujengwa. Shairi liliondolewa kitabuni, ukurasa umekatwa kwa wembe. Kijana aliyeungua anazungumza kwa shida, na yule binti amejifunza kushika daftari kwa namna nyingine. Dada huwatembelea wote wawili kila mwisho wa mwezi. Wazazi wa binti humfungulia mlango. Wa kijana, bado. Dada sasa anafundisha jiografia. Anasema mlima ni mlima.

Katibu alimzika mama yake mwenyewe, kwa gharama yake, sisi wawili na majirani wachache tukiwepo. Pete aliifukia humo. Alinyoosha udongo kwa viganja, hakutaka jembe.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu, nilimkuta amesimama mlangoni pa saluni kabla sijafungua. Amejifunga kitambaa. Nilishangaa, maana mtu aliyenyoa ana shida gani na msusi? Akaingia, akaketi kwenye kiti, akakifungua.

Alikuwa amesukwa. Mistari midogo midogo ya kurudi nyuma, ya kitoto, mtindo ambao mama zetu walitusuka zamani tukienda shule. Nusu ya kichwa, upande wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa bado umenyolewa vilevile.

Alisema analala peke yake, milango ameifunga kwa komeo. Alisema aliamka hivyo.

Nimesuka miaka kumi na minane. Nywele za dukani nazijua kwa kugusa, nywele za mtu nazijua pia. Hizi zilikuwa za mtu, nyeusi, ndefu, zina mafuta, zina harufu ya moshi wa kuni. Nilitafuta zilipofungiwa. Hazikufungiwa popote. Zilikuwa zimeota kichwani kwake. Mstari wa mwisho uliishia katikati, umeachwa wazi, kama msusi ameitwa nje mara moja.

Nilichukua kitana cha kufumulia. Nikamwambia avumilie, sitamuumiza.

Alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Usifumue," akasema. "Hajamaliza."

Nikamfunga kitambaa chake. Jumatatu iliyofuata alipita tena, hakuketi, alitaka tu nione. Upande wa kushoto ulikuwa umekamilika.