Mwezi Juu ya Kitanda cha Munira

Ulianza unga wa mbao. Farhan alikuwa akikata ubao wa mvule uliokauka vizuri, mkavu hata ukiugonga unalia, lakini unga uliomwagika chini ya mashine ulikuwa mbichi, umeshikana kama wa maandazi, nao ulinuka maziwa. Si maziwa ya ng'ombe. Aliinua vidole puani akanusa tena, akakumbuka kanga za mkewe wakati binti yao Najma bado ananyonya.

"Chausiku," aliita. "Hebu njoo unuse hapa."

Mkewe alitoka jikoni, akanusa, akakunja uso. "Umemwagia nini?"

"Sijamwagia kitu."

"Basi fagia, itajaa sisimizi."

Sisimizi hawakuja. Hata kuku wa jirani, ambao kila siku waliparura ua mzima, jioni ile walilizunguka lile rundo la unga kwa mbali na kuondoka zao.

Siku za kazi Farhan alishinda kwenye ofisi ya kutoa mizigo karibu na bandari, macho yameganda kwenye kompyuta. Raha yake ilikuwa nyumbani Chamazi, kwenye kibaraza cha nyuma, alipoweka mashine yake ya kukatia nakshi: ndogo, ya mezani, yenye wembe mwembamba kama uzi wa kushonea, unaopanda na kushuka huku yeye akizungusha ubao taratibu kwa vidole. Alijifunza kwa video za kwenye simu. Alibandika mchoro juu ya ubao, akatoboa kwa keekee, akapitisha wembe kwenye tundu, na kutoka hapo dunia ikanyamaza. Hakuuza. Alikata samaki, ndege, majina ya watu, akapiga msasa na vanishi, akagawa. Kuona mtu anafurahia kitu kilichotoka mikononi mwake kulimtosha.

Mvule ule alipewa na shemeji yake Jamali, mume wa dada yake Munira. Jamali alikuwa na kiwanja Kimbiji, na mti ulisimama palepale alipotaka kujenga, akauangusha. Ubao mmoja akamletea Farhan. Ulikuwa na rangi ya asali, na mishipa yake ilijikunja katikati kama mtu aliyelala ubavu.

Farhan alitoa vitu vingi humo. Samaki akampa Albano, jirani yao. Jina la Anastasia akampelekea mwenyewe Anastasia, wa meza ya pili ofisini. Ndege alimtundika kwenye mlango wa chumba cha Najma. Na sehemu ya katikati, ile yenye mishipa iliyojikunja, aliikata mwezi mwandamo akampelekea dada yake Kawe. Munira, aliyemlea Farhan tangu mama yao alipofariki, alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto. Aliutundika ule mwezi juu ya kitanda chake.

Miezi mitano baadaye Munira, aliyekuwa ameificha habari mpaka awe na uhakika, akapiga simu akilia na kucheka kwa pamoja. Ana mimba.

Wiki hiyohiyo, Jumapili alasiri, umeme ulikatika mtaa mzima. Farhan alikuwa sebuleni anakunywa chai na mkewe. Mashine ikaanza kuunguruma kule nyuma.

"Umeiacha inawaka?" Chausiku aliuliza.

"Umeme hakuna."

Walikaa wakisikiliza. Wembe ulikuwa unapita kwenye kitu laini, si mbao, maana mbao ina mlio wake na Farhan aliujua. Alipofungua mlango wa nyuma sauti ilikatika. Waya wa mashine ulikuwa umezungushwa na kuwekwa juu ya meza, kama alivyouacha.

Kesho yake alfajiri, akitia udhu, aliona kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kimekuwa kifupi. Ncha haikuwepo, na kucha yake. Hapakuwa na damu wala maumivu, palikuwa na ngozi nyororo tu, imekatwa kwa mviringo safi na kulainishwa, kama kitu kilichopigwa msasa wa mwisho.

Hospitali walimuuliza alipata ajali gani. Wakampima ukoma, hana. Wakampima sukari, hana. Daktari alikigeuza kile kidole kwenye mwanga, akakigeuza tena, kisha akaenda kunawa mikono na hakurudi.

Alfajiri iliyofuata kilipungua kidole cha pete. Chausiku alikesha kumlinda mumewe, ameushika mkono wake kwa mikono yake miwili, hakusinzia hata kidogo, na hakuona kitu. Ila alisikia mashine inaunguruma uani, ikinyamaza, ikiunguruma tena kwa subira ya fundi asiye na haraka, na kila iliponyamaza ule mkono aliokuwa ameubana kifuani ulikuwa mdogo zaidi ndani ya viganja vyake, na chumba kikajaa harufu ya maziwa mpaka akaziba pua kwa shuka.

"Twende kwa Bi Hija," alimwambia kulipokucha. "Usinibishie."

Bi Hija alikuwa na kibanda cha ubani na marashi Gongo la Mboto, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mkali. Farhan akamwamkia shikamoo, naye akaitikia huku anautazama mkono.

"Mie sijuagi kufukuza majini," alisema. "Anayekwambia anafukuza anakula hela yako. Mie najua kuongea nao tu. Mkeo ana moyo?"

"Moyo wa nini?" Chausiku aliuliza.

"Wa kumbeba mwenzio kidogo."

Walirudi wote Chamazi. Bi Hija akafukiza ubani mbele ya mashine, akamkalisha Chausiku chini, akamfunika shuka jeupe. Mwanzo alikohoa. Halafu mgongo ukanyooka, na sauti iliyotoka chini ya shuka haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke aliyelia mpaka koo likakauka.

"Nataka mwanangu."

"Mwanao yuko wapi?" Bi Hija aliuliza.

"Alikuwa amelala. Ndani ya mti wangu, amelala. Wakamwangusha amelala, wakampasua amelala. Huyu akamkata vipande vipande huku anaimba. Akamgawa."

Farhan aliitazama ile mashine. Ni kweli alikuwaga anaimba.

"Hakujua, bibi," Bi Hija alisema.

"Unga wake nimeuokota mwenyewe, chembe kwa chembe. Vipande viko kwenye kuta za watu, siwezi kuingia nisipokaribishwa. Aniletee vyote. Kinachopungua nakijaza kwake, hata nikiwa huku nje, kwa wembe wake mwenyewe. Nakata pole pole. Kama yeye."

Chausiku akaanguka ubavu. Alipozinduka aliomba maji, na baada ya hapo hakutaka kumtazama mumewe.

Farhan alizunguka siku hiyohiyo. Albano alimtoa samaki bila maswali, alipouona ule mkono alifanya ishara ya msalaba. Anastasia akalibandua jina lake mezani. Ndege akamshusha mlangoni kwa Najma. Vyote vilipatikana. Ukabaki mwezi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Karibu, kaa." Tumbo la Munira lilikuwa limeanza kuonekana, na uso wake uking'aa. Farhan akamsimulia yote, akamwekea mkono wa kushoto mapajani. Munira aliushika, akalia machozi ya kweli. Kisha akaurudisha.

"Chukua chochote humu ndani. Si ule mwezi."

"Dada, nitakwisha."

"Nilipata mimba siku niliyoutundika. Nikiushusha kwenda kufuta vumbi, mtoto anaacha kucheza. Nikiurudisha, anacheza. Unadhani mie sijui?" Akafuta macho. "Vidole unavyo vingine, Farhan. Mie tumbo ni hili hili."

Farhan alimpigia Bi Hija kutoka barabarani.

"Kilichomo tumboni kimekaa kwa sababu ya kile kipande," alisema Bi Hija. "Ukikitoa, unajua. Usije ukasema hukuambiwa."

Akarudi nyumbani. Alfajiri ile likapungua gumba la mkono wa kulia. Alijaribu kushika kikombe, kikaanguka, na aliposimama juu ya vigae na chai iliyomwagika alijiambia kwamba anafanya kwa ajili ya mkewe na Najma, nani atawalisha akiwa hana mikono, akajiambia mara nyingi mpaka ikafanana na kweli. Moyoni alikuwa anaogopa wembe tu.

Ijumaa akaenda tena Kawe, akamwomba dada yake msamaha. Munira alifurahi, akamtengenezea juisi ya ukwaju, akamwekea chakula. Alipoingia kuoga, Farhan aliingia chumbani kwake, akapanda juu ya kitanda na viatu vyake, akaung'oa mwezi. Ulikuwa wa moto. Alipouficha chini ya shati ulidunda kwenye ngozi yake, haraka haraka, kama kifaranga aliyekamatwa, nao uliendelea kudunda alipotoka bila kuaga, alipopanda bodaboda, alipovuka kwenda Kigamboni, njia yote ya vumbi mpaka Kimbiji ambako Bi Hija alikuwa anamsubiri, kama walivyopatana, kwenye kisiki cha mvule na vile vipande vingine ndani ya kapu.

Wakavipanga juu ya kisiki. Mwezi Farhan aliuweka mwishoni. Jua lilikuwa bado kali. Vipande vilisogea vyenyewe, vikatafutana, nyufa zikafunga, na hakukuwa tena na samaki wala jina la mtu bali kitu kimoja kilichojikunja ubavu. Kikalia, kilio cha mtoto aliyeamshwa vibaya. Halafu kilio kikazibwa, ikasikika sauti ya kunyonya, ya pupa, na ya mwanamke anayembembeleza mtoto kwa maneno ambayo hawakuyaelewa. Kisiki kikabaki kitupu.

"Umemaliza," alisema Bi Hija. Hakumpa mkono. "Kwangu usije tena."

Simu ya Farhan ilikuwa inaita. Ni Jamali. "Njoo, shemeji. Dada yako. Njoo tu."

Tumbo la Munira lilikuwa bapa. Hapakuwa na damu. Waliompima walisema hakuna dalili kwamba ndani mle paliwahi kukaa kitu, wakamuuliza Jamali kwa sauti ya chini kama mkewe ana historia ya kuchanganyikiwa. Lakini maziwa yalikuwa yamekuja. Yalimjaa, yakalowesha nguo, akikamua yanarudi. Alimuuliza Farhan mara moja tu, "Ni wewe uliyeuchukua?" Farhan akasema, "Hapana, dada. Wallahi si mie."

Vidole havikupungua tena. Mashine aliipeleka jalalani. Nyumba ikatulia, ingawa Chausiku alihamia kulala kwa Najma, na Farhan akajifunza kushika kalamu upya.

Mwezi wa Shaaban Munira alikuja Chamazi, mchana, amevaa baibui safi, mtulivu. Chausiku alikuwa ametoka kwenda sokoni. Munira alimkumbatia Najma kwa muda mrefu mlangoni, akampa pipi, akamwambia akacheze chumbani kwake, naye akaenda akiimba. Farhan akamkaribisha kiti.

"Unaendeleaje dada?"

"Maziwa yameisha."

"Alhamdulillahi."

"Hayakukauka. Niliyapeleka." Alikuwa akiongea taratibu, huku anapanga ncha za mtandio wake. "Nilikwenda Kimbiji, nikakaa kwenye kile kisiki mpaka yule mama wa mti akaja. Mtoto wake ana njaa sana, Farhan, amekaa muda mrefu bila kunyonya, na mama mtu maziwa yamekatika kwa kilio. Nikamwambia mie yananimwagika bure. Akanipa mtoto. Nimekuwa naenda kila siku. Ana kidoti hapa shingoni, palipokuwa na tundu la msumari."

Farhan alisogeza kiti chake nyuma.

"Yeye ndiye aliyeniambia ni nani aliyempelekea ule mwezi," Munira alisema. "Hakujua kama ni siri. Akalia na mie. Hakuna mtu mwingine aliyelia na mie. Halafu akaniuliza, mwenzangu, nikulipe nini?"

"Dada. Umemwambia nini?"

Munira alitazama kuelekea chumba cha Najma, ambako wimbo wa mtoto ulikuwa umenyamaza.

"Anasema hawezi kuingia kwa mtu asipokaribishwa," alisema. "Ila mie nimekumbatiwa na mwanao pale mlangoni, na wewe umenikaribisha kiti. Na nimekuja naye."

Farhan alijikokota mpaka kwenye kile chumba. Harufu ya maziwa ilimpokea kabla hajafungua mlango. Najma alikuwa amekaa sakafuni katikati ya unga laini wa rangi ya ngozi, akiitazama mikono yake miwili kwa mshangao, na alipomwona baba yake aliinyoosha juu ili naye aone.

"Haiumi, baba," alisema.