Nionjeshe Kiganjani

Vitunguu vilianza kunukia kabla fundi wa kufuli hajawasha jiko. Alisimama na kiberiti mkononi, akanusa, akajiambia ni kwa jirani. Mchana kweupe, jua limejaa dirishani. Nani ana muda wa kuogopa vitunguu?

Leo alikuwa na kazi moja: binti yake ale. Tangu wamzike mama yake, mtoto yule alikuwa akibeba sahani ya chakula kwenda kula chumbani. Sahani zilirudi tupu, yeye akazidi kukonda, gauni likimning'inia kama limetundikwa msumarini.

"Leo unakula mbele yangu," alimwambia. "Nyama ya kusaga ya mama yako, na ule mchuzi wake mzito."

"Utapika wewe, baba?"

"Kwani jiko linauma? Kimbia dukani, chumvi imekwisha. Na usirudi na hadithi za 'nimeshiba'."

Mlango ukafungwa. Alikaanga nyama mpaka ikapoteza wekundu, akanyunyiza unga wa ngano, akakoroga ukashika rangi ya kahawia, akamimina maji ya moto kidogo kidogo. Mchuzi ukaanza kutokota, mzito, pwa, pwa.

"Nionjeshe."

Hakugeuka, akidhani binti amerudi. Mkono ulikuwa umenyooshwa ubavuni pake, kiganja juu, vile binti alivyofundishwa na mama yake. Akadondosha kijiko cha mchuzi.

"Upulize, utaungua."

Kiganja hakikutikisika. Mchuzi uliotoka motoni sasa hivi ukaacha kutoa moshi palepale, ukaganda, ukajitanda mafuta meupe juu, kama umemwagwa kwenye barafu.

"Umekolea," sauti ikasema. "Usitie chumvi."

Ilikuwa sauti ya mkewe, na ile namna yake ya kuvuta maneno kama mtu anayenyoosha shuka, na fundi alitaka kugeuka na shingo ikakataa, akabaki anautazama mkono ule ukirudi nyuma polepole, akasikia ulimi ukilamba kiganja, taratibu, bila haraka, huku harufu ya udongo mbichi ikipanda juu ya harufu ya nyama, na alipopata nguvu za kugeuka hapakuwa na mtu, mlango umefungwa kwa kufuli aliyoitengeneza mwenyewe, na ufunguo ndio kwanza unazungushwa kutoka nje.

Binti aliingia na chumvi. Alimtazama baba yake usoni, akaelewa.

"Amekuomba na wewe," alinong'ona.

"Nani? Sema wazi! Nani yumo ndani ya nyumba yangu?"

"Shhh! Baba, atasikia. Anakuja na sauti ya mama. Si mama, mimi najua, ana mikono ya baridi. Nisipompa sahani yangu analia ukutani, analia kama mama siku zile za mwisho. Akaniambia nikichoka kumpa, atakuja kwako."

"Kwa hiyo muda wote huu..."

"Wewe unafanya kazi, baba. Ungekonda, ungefanyaje kazi?"

Fundi alifumbua mdomo atukane, kama kawaida yake, asikie mtaa mzima. Matusi hayakuja. Alipakua sahani mbili, akaziweka mezani, akamkalisha binti yake. Kiti cha pembeni kikajivuta chenyewe, kikakwaruza sakafu. Mkono wa binti ukaanza kuisukuma sahani yake kwenda upande ule, kwa mazoea tu, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza.

Baba akaizuia.

"Hiyo ni yako. Kula."

"Baba, usi—"

"Kula, nimesema."

Kisha akageukia kile kiti kitupu, akakisogezea sahani yake.

"Mke wangu," alisema, na sauti yake haikupanda wala haikushuka, "mtoto mwache. Kuanzia leo unakula changu."

Kitini mtu akavuta pumzi ya kuridhika.

Binti akala, machozi yakimdondokea kwenye mchuzi, kijiko baada ya kijiko, mpaka mashavu yakatoa jasho. Baba alimtazama akitafuna, akamhimiza aongeze. Pembeni, sahani ya pili ilikuwa inapungua.