Kilichokimbia Ndani ya Prosesa

Feni ya kompyuta ilianza kunguruma Hanifa alipoinuka kwenda kuupalia wali mkaa, na kompyuta haikuwa na kazi yoyote.

Hanifa alikuwa mwandishi wa programu, akifanyia kazi nyumbani kwake, Singida mjini. Siku hizo alikuwa akirahisisha kerneli, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, pale panapoamua prosesa, ubongo wa kompyuta, ikimbie kazi ikizidi na ipunguze mwendo kazi ikiisha. Msimbo ulikuwa mkongwe, kiraka juu ya kiraka. Asubuhi ile alikuta mistari michache inayoizuia prosesa isivuke kasi fulani, bila maelezo. Akaona haina maana. Akaifuta.

Sasa prosesa ilikuwa imevuka kasi ile. Alitafuta programu inayoisukuma, hakuna. Akaizima kompyuta, akachomoa waya, akatoa na betri.

Feni haikusimama.

Harufu ikaja, ya tope la chumvi la Ziwa Kindai linapokaushwa na jua.

"Hanifa mwanangu," mkwewe, Bi Zabibu, alinong'ona mlangoni, "nani anahema humo?"

"Ni feni, mama."

"Feni haimezi mate."

Bi Zabibu akatoka mbio, akarudi na Shehe Haji wa msikiti wa jirani.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba. Umefungua nini?"

"Sijafungua. Nimefuta tu mistari."

"Irudishe," alisema shehe kwa sauti ndogo. "Mimi nitasoma."

Hanifa akarudisha betri, akawasha, na shehe akaanza kusoma aya za Kurani huku Hanifa akiandika upya mstari mmoja baada ya mwingine, na kadiri alivyoandika mhemo ule ulizidi kuwa wa haraka, ukawa kama wa mtu anayepanda mlima amebebeshwa mzigo, vioo vya dirisha vikalia, harufu ya tope ikamjaa kooni, mpaka alipobonyeza kitufe cha mwisho, na kukawa kimya.

"Ametoka," alisema shehe, akijifuta jasho.

"Ameelekea wapi?" aliuliza Bi Zabibu.

Shehe alikuwa anatazama sebuleni, alikojilaza Abdillahi, mume wa Hanifa, aliyekuwa amerudi kutoka dukani kupumzika kidogo. Hanifa akasogea. Mumewe alikuwa usingizini, uso umetulia, mikono imelegea juu ya mkeka. Lakini kifua chake kilipanda na kushuka kwa kasi ya mtu anayekimbia, tena anayekimbia asiyejua kuchoka, na kasi ilikuwa inaongezeka.

"Abdillahi," Hanifa aliita. "Amka, baba. Amka."