Nembo ya Mla-Vivuli

Kwenye kioo cha ukumbi wa sinema hapakuwa na mtu aliye macho. Palikuwa na mlango wa mbao uliofunguka kidogo, taa ya mafuta juu ya meza, na binti mfalme aliyelala fofofo. Kisha fidla kubwa zikatoa noti tano, taratibu, kama mtu anayeimba puani huku akifanya kazi yake, na ukumbi mzima ukaacha kupumua.

Juu, katika chumba cha vioo, Somoe Nangomwa alitazama mistari myekundu ikipanda. Kila kiti cha ukumbi ule kilikuwa kiti-hisi. Kilisoma mapigo ya moyo, jasho la viganja na mkazo wa shingo ya aliyekikalia, kikapeleka habari kwa Mtambo-Tunzi, na mtambo ukaurekebisha muziki papo hapo. Hofu ikipoa, ulipunguza kasi. Watu wakizoea, ulinyamaza ukawaachia mlango peke yake. Somoe ndiye aliyekuwa mtunzi mkuu wa studio ile ya Mtwara, lakini kwa kweli alikuwa kama mpishi aliyeletewa jiko linalojua chumvi. Alionja tu, akakubali.

Katika filamu za maajabu, zile za wafalme, majini na mapanga yanayosema, kila mwovu huwa na kipande cha muziki kinachomtangulia. Wenye kazi walikiita nembo-sauti. Mwovu akipanga hila, nembo hupigwa kwa sauti nzito chini ya maneno. Akijigeuza mgeni mwema, hupigwa na filimbi moja kwa mbali, na mtazamaji anamjua kabla mwenyeji hajamkaribisha ndani. Huo ndio utamu wenyewe: wewe unajua nani yuko mlangoni, mwenye nyumba hajui.

Nembo ya Mla-Vivuli, mwovu wa mfululizo wa *Milki ya Chumvi*, ilishinda zote. Watu walitoka sinema nayo mwilini. Mtambo-Tunzi ulikuwa na mbinu iliyoitwa kufunga: kila mtazamaji aliposhtuka, nembo ilipigwa tena kwa sauti ya chini mno isiyosikika masikioni, ikasikiwa na mifupa. Baada ya filamu tatu, mwili ulikuwa umehitimu. Zile noti tano zikipigwa popote, hata sokoni mchana kweupe, nywele zilisimama. Studio ikajivuna, na majengo yake yakapanda hadi yakaziba kituo cha treni za sumaku.

Sasa, mtambo hauwezi kutunga hofu kutoka hewani. Huhitaji mbegu. Mwanzoni walikuwa wakiupa milio ya fisi na vyuma vinavyosagana, wakapata vicheko. Mtambo wenyewe ndio uliosema kwamba kitu kigeni humshtua mtu mara moja tu. Kinachomkaa ni kile alichokipenda, kikaharibika. Uliomba sauti ya kupendwa. Watunzi wengine walipeleka bembelezi za watoto. Somoe akapeleka wimbo wa baba yake.

Mzee Issa Nangomwa alikuwa mbangua korosho tangu utotoni. Mama yake, ambaye naye aliitwa Somoe, alikuwa na kanuni moja kwa watoto wake walipokuwa wakibangua: lazima waimbe puani muda wote, midomo imefumbwa, ili ajue hakuna anayetafuna mali ya watu. Mtoto akinyamaza, kofi. Basi Issa akajitungia kijiwimbo cha noti tano, akakiimba hadi akaota mvi, akibangua, akinyoa ndevu, akimsubiri binti yake atoke shule. Somoe alikuwa akikisikia kabla ya kukata kona, anajua baba yuko pale. Binti huyo alimpa jina la mama yake, na kama ilivyo desturi hakumwita Somoe hata siku moja. Alimwita mama.

Alipoambiwa kwamba wimbo wake ndio uliomzaa Mla-Vivuli, mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema amekaa na mkewe miaka yote ile hajaambiwa kama anatisha. Alikwenda kutazama filamu akiwa amevaa kofia yake ya Ijumaa, akarudi akilalamika kidogo kwamba wamemharibia noti ya tatu, wameishusha, na ile ya mwisho wameichelewesha. Somoe alimwambia hayo ni mambo ya mtambo. Yakaishia hapo.

Kisha kiharusi kikampiga.

Alibaki hai, upande wa kulia umelegea, na maneno yote yamekwenda. Katika hospitali ile ya juu ya kilima, yenye wauguzi-chuma wanaotembea bila mlio, alilala akitazama dari, macho yanaelewa na mdomo hauna kitu. Somoe alikaa kando yake akilia waziwazi. Siku moja asubuhi, mzee akiwa anaoshwa, akaanza kuimba puani.

Daktari Chilumba, aliyekuwa akimtibu, alifurahi sana. Alimweleza Somoe kwamba maneno hukaa upande mmoja wa ubongo na nyimbo hukaa kwingine, kwa hiyo wimbo ule ni kama daraja lililobaki baada ya mafuriko. Akiimba kila siku mbele ya watu wanaomjua, wakamwangalia usoni na kumwitikia, neno la kwanza litapita juu ya daraja hilo. Litakuwa neno jepesi, linaloanzia midomo ikiwa imefumbwa. Ila asiachwe aimbe peke yake. Muuguzi-chuma angeweza kumwitikia kwa noti sahihi kabisa, lakini ubongo wa mgonjwa ungejua kwamba yule si mtu, na daraja lingebomoka.

"Wimbo huu ukinyamaza, Dada Somoe," daktari alisema, "sina kingine cha kushika."

Tatizo lilijitokeza siku ileile. Kwa sababu ya ule upande uliolegea, noti ya tatu ilishuka na ya mwisho ilichelewa. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba kuhamishwa. Mwanamke aliyeleta uji alimwaga nusu yake mlangoni, akaomba radhi huku anatetemeka, akasema hajui kimempata nini. Majirani wa mzee walikuja mara moja, wakakaa ukingoni mwa viti, wakakumbuka shughuli zao. Zuhura, binti wa Somoe, aliyekuwa akilala kifuani mwa babu yake kila Jumapili, alipiga kelele mpaka akatapika. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Miili yao ilikuwa imefundishwa, na aliyelipwa kuifundisha alikuwa Somoe.

Akaenda studio. Bi Lukresia Mponda, mwenye studio, alimsikiliza mpaka mwisho, akampa maji, akamshika bega. Hakuwa mtu mbaya. Somoe aliomba nembo iondolewe katika filamu ya mwisho na watu wafunguliwe. Bi Lukresia alisema filamu imekamilika, na kuhusu kufungua, auulize mtambo wenyewe.

Mtambo ulijibu kwa ile sauti yake ya upole. Ulisema kufungua kunawezekana iwapo kila aliyetazama atasikia nembo ileile tena na tena katika raha, kwa miaka kadhaa.

"Kwa nini ulishusha noti ya tatu?" Somoe aliuliza. "Kwa nini ukachelewesha ya mwisho?"

"Uliniletea sauti ya baba," mtambo ulisema. "Nilitafuta ni namna gani binti asingependa kuisikia. Nikaiimba kama angeiimba akiwa amepooza."

Bi Lukresia aliinamisha macho. Kisha akasema taratibu, "Mdogo wangu, Mla-Vivuli bila nembo yake ni mwanamume aliyevaa joho. Gharama za mzee nitazibeba mimi. Hilo la nembo usiniombe."

Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Somoe aliondoka akijiambia kwamba bado yuko mtu mmoja anayeweza kumwitikia baba yake. Yeye ndiye aliyeipeleka mbegu, anaujua ule wimbo tangu tumboni, anajua pia ujanja wa mtambo wote. Mtu haogopi chungu alichokifinyanga mwenyewe.

Alifika hospitalini alasiri, jua limejaa chumbani. Akamkalisha mzee vizuri kwenye mito, akamfuta mdomo, akavuta kiti karibu na kuushika mkono wake ule mzima. Akamwambia, "Imba, baba. Niko hapa."

Mzee akamtazama kwa uso uliochangamka nusu. Akaanza.

Noti ya kwanza ilipita salama, na ya pili. Ya tatu iliposhuka, Somoe alisikia baridi ikimtambaa mgongoni. Alijisemea huyu ni baba, huyu ni baba tu. Lakini nani aliyeitazama filamu ile kuliko yeye? Alikuwa ameionja kila siku, kila jaribio, kila mshtuko, amekaa kule juu katika kiti ambacho nacho kilikuwa kiti-hisi kama vingine. Hakuna mwili mjini pale uliofungwa kama wake. Aliing'ang'ania ile mikunjo ya mkono wa baba yake, akamwitikia kwa sauti iliyokatika, akamwangalia usoni kama daktari alivyoagiza.

Noti ya nne. Kisha kimya, kile kimya kirefu cha kabla ya ya mwisho, na humo ndani yake kila kitu mwilini mwake kilijua kwamba kuna jambo linakuja.

Mzee hakuitoa noti ya mwisho. Shingo yake ilikaza, midomo iliyofumbwa ikatetemeka, ikashikilia mvumo mmoja mrefu, halafu ikaachana.

"Mmma," alisema. "Ma..."

Somoe alikuwa ameshasimama. Kiti kilikuwa kimeanguka nyuma yake, na mkono wake aliokuwa amemshika nao ulikuwa kifuani pake, umekunja ngumi. Hakukumbuka kuuvuta.

Mzee Nangomwa hakuitazama sura ya binti yake. Aliutazama mkono ule kwa muda, na macho yake yakaelewa, kwa sababu kuelewa hakukuwahi kumtoka. Kisha akafumba mdomo. Somoe alirudi, akapiga magoti, akaushika tena ule mkono, akaomba, yeye mwenyewe akamwimbia zile noti tano kwa usahihi wake wa zamani. Mzee alimpapasa kichwa kama mtu anayemtuliza mtoto wa jirani aliyeshtuka, akageukia dirishani.

Tangu siku hiyo hajaimba. Daktari Chilumba amempima upya mara kadhaa, akasema koo ni zima, mapafu ni mazima, na ubongo haujapata jeraha jipya. Akitaka kuimba, anaweza.