Nani Aliyetuchoma kwa Afisa wa Majengo?

Rangi nyekundu ilikuwa bado inachuruzika ukutani.

Alama ya X. Kubwa, kutoka usawa wa dirisha hadi karibu na sakafu. Pembeni yake neno moja tu: SIMAMISHA.

Mume wangu alikuwa juu ya ngazi, nyundo mkononi, vumbi la saruji limemjaa hadi kwenye kope. Hakushuka. Alibaki kule juu kama mtu aliyesahau njia ya kurudi chini.

"Kibali kiko wapi?" afisa wa majengo akauliza, huku anafunga kopo lake la rangi.

"Kibali cha nini?" nikamjibu. "Hii ni nyumba yetu."

"Nyumba ni yenu, mama. Sikatai. Lakini ujenzi bila kibali ni kosa. Mkiongeza hata tofali moja, narudi na watu wa kubomoa."

Nikajikaza. Nikamuuliza amejuaje, maana chumba chenyewe kiko nyuma ya nyumba, barabarani hakionekani.

Akasita kidogo...

"Tulipigiwa simu. Na aliyepiga anaijua kazi yenu vizuri. Alijua hadi choo kitakaa upande gani."

Jamani nyie.

Kuna mtu wa karibu ametuchoma.

Sasa ili mnielewe, lazima niwaambie tulikuwa tunajenga nini.

Mama yangu mzazi anaishi peke yake tangu baba afariki, mtaa wa mbali na kwetu. Mwanzoni mwa mwaka aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Alipona, lakini anatembea na mkongojo, na mimi kila simu ikiita moyo unaruka.

Tukafanya kikao mimi na wadogo zangu kwenye grupu la simu. Tukapitisha: Mama ahamie kwangu. Mimi ndiye kifungua mimba, na mimi ndiye mwenye stoo kubwa nyuma ya nyumba. Tuigeuze chumba, tuweke choo na bafu humo humo, asihangaike kupanda ngazi.

Fundi wa kwanza aliezua paa, akabomoa nusu ya ukuta, akaaga kwamba anakwenda msibani. Msiba huo haujaisha hadi leo.

"Mama Pacha," mume wangu akaniambia, "tutajenga wenyewe."

Mume wangu ni kinyozi. Mkono wake unaijua mashine ya nywele, si mwiko. Lakini aliangalia video za ujenzi mpaka usingizini akawa anachanganya zege. Mimi nikawa saidia fundi wake.

Matofali ya kwanza yalipanda yamepinda kama meno ya mtoto. Tukabomoa, tukaanza upya. Mara ya pili yakanyooka. Yule bwana akausogelea ukuta wake, akaupitisha kiganja taratibu, kama anakagua kichwa alichotoka kukinyoa. Nikampenda upya.

Mama alipokuja kuona kazi, nikamzungusha. Kitanda hapa, Mama. Dirisha hili litakupa jua la asubuhi. Choo pale pembeni.

"Mmejisumbua sana, mwanangu."

"Si usumbufu, Mama. Ni zamu yetu."

Akatikisa kichwa, akaomba maji ya kunywa.

Siku chache baadaye, ndiyo ile X.

Sasa niambieni. Nani mwingine alijua choo kinakaa wapi?

Jirani. Tunamwita Mama Maua, kwa sababu uzio wake wote umejaa makopo ya maua. Kila tukichanganya zege, kichwa chake kilikuwa juu ya ule uzio. "Hilo shimo la nini?" "Choo mnakiweka upande gani, harufu isije ikahamia kwangu?"

Sikulala na jambo. Nilimfuata saa ile ile, na vumbi langu mwilini.

"Umeridhika?"

Akaweka chini kopo la kumwagilia. "Kuridhika na nini?"

"Mwanamke mzee anatafutiwa mahali pa kulala, wewe unainua simu."

"Mama Pacha, mimi nikiwa na neno nakwambia usoni. Hilo unalijua."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia. Nikageuka, nikaondoka.

Basi tukaanza kutafuta kibali.

Wadau... kama hujawahi kutafuta kibali cha ujenzi, mshukuru Mungu na utoe sadaka.

Dirisha la kwanza wakataka mchoro. Mume wangu akatoa aliouchora mwenyewe kwenye daftari la pacha wetu. Dada wa dirishani akaugeuza huku na huku.

"Huu ni mlango au kabati?"

"Mlango," mume wangu akasema, taratibu.

"Leteni mchoro wa mtaalamu. Wenye mhuri."

Tukaleta. Dada akasema sasa inatakiwa saini ya afisa afya, kwa sababu ya choo. Afisa afya yuko likizo. Anayemkaimu yuko semina. Aliyebaki ofisini hana mamlaka ya kusaini, kazi yake ni kutuambia kwamba wengine hawapo.

Afisa afya aliporudi, akasema choo kiko karibu mno na mpaka. Kisogezwe. Tukarudi kwa mtaalamu, tukakisogeza kwenye karatasi, tukapata mhuri mpya. Tukarudi dirishani. Dada yule yule akasema dirisha la chumba ni dogo kuliko sheria inavyotaka, maana lile ni la stoo, na sasa humo atalala mtu.

"Mbona mara ya kwanza hukusema?"

"Mara ya kwanza hamkuuliza."

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Kile kicheko ambacho mume wako anakushika mkono na kukutoa nje.

Huku nyumbani mvua ikaanza. Ukuta usio na paa ukawa unanyeshewa. Saruji tuliyobakiza ikaganda ndani ya mifuko, ikawa mawe. Mume wangu akaacha kuongea. Akitoka saluni anakula, kisha anakwenda kukaa kule nyuma na ukuta wake. Siku moja nikamkuta anaisugua ile X kwa brashi ya viatu.

Haitoki.

"Achana nayo, Baba Pacha."

"Nimefanya kazi nzuri," akasema, bado anasugua. "Sijaiba kitu cha mtu. Nimejenga."



Halafu likaja sharti la mwisho. Jirani wa mpakani lazima asaini kwamba hana pingamizi.

Ndiyo. Mama Maua.

Nilizunguka ule uzio kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe nikagonga. Akanikaribisha kwa sauti ya baridi, akaisoma karatasi yote, kisha akashika kalamu.

"Nasaini kwa ajili ya mama yako," akasema. "Si kwa ajili yako."

Sikumshukuru. Moyoni nikasema, dhamira inamsuta huyu.

Kibali kikatoka.

Nilikwenda kwa Mama karibu nikimbie. Nikamkuta jikoni, ameketi, anachagua mchele kwenye sinia. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Wamekubali, chumba kitaisha, ajiandae kuhama.

Akaendelea kuchagua mchele.

"Mama, umenisikia?"

"Nimesikia." Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. "Hao watu wa kibali, walikuuliza nini na nini?"

"Kila kitu. Mchoro, choo, dirisha. Hadi jirani wametaka asaini."

"Jirani naye aliulizwa."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi mliniuliza nini?"

Nikakitazama kile kijiwe.

"Mwanangu," akasema, "aliyepiga ile simu ni mimi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia, bila kupandisha sauti. Siku ile alipotoka kwetu, aliona bango mwisho wa mtaa: mwenye kuona ujenzi bila kibali apige namba hii. Akaikariri mpaka nyumbani.

"Nilidhani watawasimamisha, mtakata tamaa, mambo yaishe kimya kimya. Sikujua mna vichwa vigumu hivi."

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Ningekwambiaje? Mumeo ana malengelenge viganja vyote kwa ajili yangu. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba hutaki?" Akaacha mchele. "Hapa nikitaka chai naamka napika. Kwako nitakuwa mgeni anayesubiri kuitwa mezani. Bado sijafika huko."

Siwadanganyi, nilikasirika. Nilitoka nje, nikakaa kizingitini nikalia kwa hasira. Nililia zile foleni, na mume wangu na brashi yake ya viatu, na maneno niliyomtupia mwanamke asiye na kosa. Mama hakunifuata. Alisubiri nimalize.

Nikarudi ndani.

"Basi unataka nini, Mama?"

Ndiyo mara ya kwanza nilimuuliza.

"Vyuma vya kushikilia bafuni. Na sakafu isiyoteleza. Basi."

Nikaenda kwa dada wa dirishani, tayari kwa vita. Nikamuuliza kufunga vyuma bafuni kunataka michoro mingapi.

"Hilo halihitaji kibali, dada."

Niliganda pale mpaka wa nyuma yangu akakohoa.

Nikaenda kumsimulia mume wangu.

"Kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyenichoma."

"Ndiye."

Akashusha pumzi, akatafuta drili yake. "Anavitaka urefu gani?"

"Sijui. Twende tukamuulize."

Tulivifunga pale pale alipoonyesha kwa mkongojo wake. Hapa. Shusha kidogo. Hapo.

Kwa Mama Maua nilikwenda peke yangu, kuomba radhi. Aliniacha nimesimama getini mpaka nikamaliza maneno yote.

"Nimekusikia," akasema. "Nipe muda."

Salamu ananiitikia. Ila kichwa chake hakionekani tena juu ya uzio, na sikujua kama kitu hicho kinaweza kumkosesha mtu raha.

Chumba tumekimalizia. Kina kibali, kina dirisha la kisheria, kina choo kilichosogezwa. Mtu wa kulala humo hayupo.

Ndugu msomaji, ofisi zile zilinichosha kwa maswali, na nitawalalamikia mpaka nizeeke. Lakini wao waliuliza. Mimi nilimpenda mama yangu, nikampangia kitanda, dirisha na choo, nikamhamisha kichwani mwangu bila kumuuliza swali hata moja.

Kabla hujamjengea mtu, kaa naye chini. Muulize anataka kuishi wapi. Na akinyamaza, usidhani amekubali.