Nahodha Drake na Karatasi Iliyokosekana

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Rumaisa na Teresiah walikuwa wakisubiri basi la shule mbele ya jengo lao, mtaa wa Al Baraha, Dubai. Rumaisa aliishi ghorofa ya pili na wazazi wake, watu wa Unguja. Teresiah aliishi ghorofa ya nne na mama yake, Roselyne, Mkenya aliyekuwa msimamizi wa walinzi katika ghala moja huko Dubai Investments Park, eneo la viwanda. Wasichana hao walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na walisoma darasa moja.

Basi lilipofika, Rumaisa alipanda wa kwanza. Alikaa, akainuka, akahamia kiti kingine, kisha akarudi pale pale.

"Kwani umekalia miiba?" Teresiah alimuuliza akicheka.

"Leo Sir Erisa anatoa kitabu," Rumaisa alijibu.

Sir Erisa, Mganda mrefu mwenye sauti ya upole, alikuwa mkutubi wa shule na mlezi wa klabu ya midahalo. Wiki hiyo mada ilikuwa Francis Drake, nahodha Mwingereza aliyeishi zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Je, alikuwa shujaa au haramia? Rumaisa angemtetea, Teresiah angempinga. Mshindi angeiwakilisha shule kwenye mashindano ya midahalo. Mara mbili Rumaisa alikuwa ameshindana na Teresiah, na mara zote mbili alikuwa ameshindwa.

"Simu msiguse," Sir Erisa aliwaambia maktabani. "Nataka msome, si kunakili. Hoja zote zitoke kwenye kitabu hiki. Rumaisa, kaa nacho leo. Kesho umpe mwenzako, naye atakirudisha Jumatano. Alhamisi mchana tunasikilizana."

Jioni hiyo Rumaisa alisoma bila kupumzika. Alisoma jinsi Drake alivyoizunguka dunia yote kwa meli, safari ya karibu miaka mitatu. Alisoma jinsi alivyoziteka meli za Wahispania zilizojaa fedha, na jinsi malkia wake alivyompa cheo cha heshima, ingawa Wahispania walimwita mwizi. Kila ukurasa ulimfurahisha. Alianza kutembea chumbani akijisemea hotuba, mkono kiunoni kama nahodha.

Kisha akafika ukurasa wa thelathini na moja. Hapo kitabu kilieleza kwamba Drake, alipokuwa kijana, alisafiri katika meli za jamaa yake zilizokwenda Afrika Magharibi. Watu walikamatwa huko, wakavushwa bahari na kuuzwa utumwani.

Rumaisa alisimama. Alisoma tena. Aliona uchungu, kwani alikuwa ameshaanza kumpenda nahodha huyu. Lakini wazo lililofuata lilikuwa baya zaidi. "Teresiah akiisoma hii, nimekwisha."

Aliivuta ile karatasi taratibu mpaka ikachomoka. Akaikunja na kuificha chini ya godoro.

Jumatano asubuhi, Teresiah alikirudisha kitabu maktabani. "Sir, kuna karatasi haipo," alisema. "Kutoka thelathini inaruka hadi thelathini na tatu."

Sir Erisa alikifungua kitabu, uso wake ukabadilika. "Kabla ya kukitoa nilikikagua chote. Kilikuwa kizima." Akamgeukia Rumaisa. "Ulipompa mwenzako, kilikuwa na karatasi zote?"

Rumaisa alijibu bila kumtazama Teresiah. "Ndiyo, Sir. Kilikuwa kizima."

"Si mimi!" Teresiah alisema. "Ningeichana, ningekuja kukuonyesha kweli?"

"Labda ulijua nitaona tu," Sir Erisa alijibu kwa huzuni. "Hutashiriki mdahalo, Teresiah, mpaka nizungumze na mama yako. Aje kesho asubuhi."

Tangu saa hiyo Rumaisa hakupata utulivu. Darasani aliangusha kalamu mara nne. Alisoma swali moja la hesabu hadi kengele ikalia, na hakujua lilikuwa linauliza nini. Kwenye basi Teresiah alikaa mbele peke yake, akitazama dirishani na kufuta machozi.

Baba yake Rumaisa, Nassir, karani katika bandari ya Al Hamriya, alirudi nyumbani kabla ya magharibi. Alimkuta Rumaisa akizunguka sebuleni.

"Tulia, mwanangu, unanipa kizunguzungu."

"Baba, mtu akifanya makubwa ya kusifiwa, na akafanya maovu pia, tumwiteje?"

Nassir alifikiri kidogo. "Mwite jina lake. Halafu useme yote aliyoyafanya. Ukisema nusu, huyo si yeye tena, ni mtu uliyemtunga wewe." Akavua viatu. "Nimekutana na mama yake Teresiah kwenye ngazi. Maskini, ameitwa shuleni. Imebidi abadilishane zamu, sasa atafanya kazi siku yake ya mapumziko. Eti mtoto ameharibu kitabu. Mimi siamini."

Rumaisa alikwenda jikoni, akanywa maji, akarudi, akaenda tena. Alilala bila kumwambia baba yake.

Alhamisi asubuhi, mara tu basi liliposimama shuleni, aliteremka mbio na mkoba mgongoni hadi maktabani. Roselyne alikuwa ameshafika. Teresiah aliingia nyuma ya Rumaisa, macho mekundu, akasimama kando ya mama yake.

"Sir," Roselyne alikuwa akisema, "mtoto wangu ana makosa mengi, lakini hili nimemuuliza mara tatu, na mara tatu amekataa."

"Anasema kweli, Anti," Rumaisa alisema. Alitoa karatasi iliyokunjwa mkobani na kuiweka mezani. "Niliichana mimi. Nilitaka kushinda. Halafu nikadanganya. Nisamehe, Anti. Nisamehe, Teresiah."

Teresiah alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Uliniona nikilia kwenye basi," alisema. "Uliniona, na ukanyamaza."

Roselyne aliishika karatasi, akaikunjua, akaisoma yote. "Kazi yangu ni langoni," alisema. "Lori likiingia, naandika namba yake. Siangalii kama dereva ni rafiki yangu. Siku nitakayoacha kuandika lori moja kwa sababu ya rafiki, daftari lote halitaaminika tena. Umenielewa, Rumaisa? Umenichosha sana leo. Lakini umekuja mwenyewe, hukuvutwa. Hilo pia nimeliona."

Sir Erisa alimgeukia Teresiah. "Nilikuhukumu haraka. Nilikosea, nakuomba radhi. Utazungumza mchana." Kisha akamtazama Rumaisa. "Nawe utazungumza. Utaanza kwa kusoma karatasi hii mbele ya wenzako wote, na kuwaambia nani aliichana. Halafu umtetee Drake, ukiweza."

Mchana huo ukumbi ulijaa. Rumaisa alisoma kila neno, akakiri kosa lake, na minong'ono ikapita kutoka safu hadi safu. Kisha akasema Drake alikuwa baharia hodari, na kwamba uhodari huo haufuti maumivu ya watu waliouzwa. Teresiah alizungumza baada yake, akiwa na karatasi ile mkononi, kwa utulivu na hoja nzito. Alishinda kwa kura nyingi.

Watu walipotoka, Rumaisa alibaki akipanga viti. Teresiah alimpita mlangoni, akasita. "Umesoma vizuri," alisema, kisha akaenda zake. Hakutabasamu.

Sir Erisa alikuja kumsaidia kupanga viti.

"Sir, atanisamehe?"

"Mpe muda. Uaminifu hurudi polepole." Aliweka kiti cha mwisho mahali pake. "Drake alikufa zamani, na watu bado wanabishana juu yake. Wengine wanaficha mabaya yake, wengine wanaficha mazuri. Yeye hawezi kurudi kusema, 'Hili nililifanya, na lilikuwa kosa.' Wewe bado una mdomo, Rumaisa, na leo umeutumia. Ukikosea tena, usingoje hadi kesho yake. Sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajabeba mzigo wako."

"Nimesikia, Sir," alisema Rumaisa.