Demani Haifungwi

Mwezi wa Julai mvua hainyeshi Kolwezi. Anayekuambia imenyesha, mwambie akanawe uso. Kwa hiyo tone lilipodondoka kwenye sufuria ya bukari, ugali wa huku, Adolphine alitukana kwanza, kisha akatazama juu.

Juu palikuwa na turubai. Kitenge, mume wake, alilinunua kwa mchuuzi aliyetoka Moba, kule ziwa Tanganyika, lifunike malewa yao, kibanda cha chakula wanakokula wachimbaji wa mgodi wa Musonoi. Kitambaa kizito, kikuukuu, viraka juu ya viraka. Nje ni vumbi jekundu tupu. Kitambaa kilitona maji, na maji yalinuka shombo.

Kesho yake saa tisa mchana, mbele ya wateja, turubai likavimba. Upepo haukuwepo, moshi wa makaa ulipanda wima. Likavimba kama kifua cha mtu anayevuta pumzi, na ndani yake sauti ya mwanamume ikaita:

"Tanga! Demani!"

Wateja waliacha sahani. Kila mmoja alisikia kitu kimoja: matanga, demain. Kilio, kesho.

"Matanga ya nani?" Adolphine alinong'ona.

Nyuma yake Abigaëlle, binti yake wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akiosha vyombo, alikohoa. Akatema maji.

Kitenge alifanya kile anachofanya mwanamume mwenye hofu: alikaza. Alichukua kamba ya kona ya chini, akaifunga kwenye chuma kilichopigwa ardhini. "Ivimbe tena, tutaona!" Likavimba tena. Na kila alipokaza, binti alizidi kukosa pumzi. Dispansari walimpiga picha ya mapafu, wakauliza alizama mto gani. Kitenge alipopanda kulivua turubai juu ya nguzo, midomo ya Abigaëlle iligeuka buluu kabla fundo la kwanza halijafunguka. Akalirudisha fundo, akashuka.

Siku ya nne mama Godelieve, muuza samaki wa kukausha, mzaliwa wa Moba, alikuja kumwona mgonjwa. Alikuta wamemlaza kwenye mkeka palepale kibandani, maana wakimtoa nje ya kivuli cha turubai anazirai. Sauti ikaita, naye Adolphine akalia kwamba ni matanga ya binti yake.

"Nani alibaambia ni matanga?" akauliza Godelieve.

"Yeye mwenyewe, mama! Husikie? Matanga, demain."

"Masikio yenu imejaa bukari! Iko nasema tanga. Tanga njo hii nguo yenu, ni ya mashua. Na demani haiko demain ya Bafransa. Demani ni kamba ya kona ya chini, ile inazuia tanga ku upepo." Akamgeukia Kitenge. "Ile weye ulifunga ku chuma, baba. Demani haifungwi! Inashikwa na mukono. Upepo ukizidi, unalegeza. Ukifunga, mashua inapinduka na bantu bote. Huyu nahodha anaita humu alifunga, akalala, bakazama."

Juu yao sauti sasa ilikuwa inalia: "Legeza! Legeza demani!"

"Na turubai ikimuangukia mutoto?" Kitenge alisimama mbele ya chuma.

"Toka hapo," Adolphine alisema.

Akakata fundo kwa kisu, kamba akaishika mkononi. Turubai likashusha pumzi ndefu, Abigaëlle akatapika maji ya kujaza bakuli, akavuta hewa, akavuta tena. Lakini mama yake alipoachia kamba ili amkumbatie, shingo ya binti ililegea na macho yakageuka meupe, naye Adolphine akairudia kamba kwa mikono miwili, akaivuta, akaona ameivuta mno kwa sababu binti alianza kukoroma kwa maji, akailegeza kidogo, kidogo tena, mpaka alipojua kwamba pumzi ya mwanawe iko katikati ya kuvuta na kuachia, na kwamba hana pa kuifunga.

"Mpaka lini, mama Godelieve?"

"Mpaka nahodha aseme *tua*. Tua ni kushusha tanga: mashua imefika. Akisema vile, mushushe turubai, muichome moto palepale."

Kitenge alijaribu kumpokea. Akaikaza mno, binti akakabwa. Adolphine akamnyang'anya kamba. Jua likashuka nyuma ya vilima vya udongo wa mgodi. Viganja vilichubuka, kamba ikawa nyekundu, naye hakuondoa macho kwenye kifua cha Abigaëlle.

Kisha turubai likatulia. Zikasikika nyayo pekupeku zikitembea juu yake, nyingi, na watu wakicheka chini kwa chini kama wanaopakia mizigo. Abigaëlle akafumbua macho. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya yule mwanamume, tulivu, iliyopumzika.

"Tweka."

"Amesema!" Adolphine alilia kwa furaha. "Mama Godelieve, njo ile neno? Tushushe?"

Godelieve alikuwa amesharudi nyuma hadi barabarani, mkono mdomoni.

"Tweka ni kupandisha tanga," alisema. "Hakuna mahali bamefika. Sasa njo banaondoka."

Na kamba, mikononi mwa Adolphine, ikaanza kuvuta.